Picha za Kauboi Zimerudi: Somo la Kusikiliza kwa Darasa la Juu

 

Somo la wiki hii ni la darasa la juu, wenye miaka 16 na zaidi, pamoja na mzazi au mlezi mmoja atakayekaa nao kwenye kochi mpaka mwisho. Kamusi si lazima. Linataka masikio, na linataka nafasi, kwa sababu filamu tutakayoifikia ina dakika 206, karibu saa tatu na nusu. Wenye watoto wadogo nyumbani, walazeni kwanza. Ina mauaji, na hayakufichwa.

Nianze na neno ambalo wazazi wenu wanalijua na ninyi pengine mnalisikia leo kwa mara ya kwanza: steringi.

Nilipokuwa mtoto Unguja hatukusema tunakwenda kutazama filamu. Tulisema tunakwenda picha. Kulikuwa na picha za Kihindi, picha za karate na picha za kauboi, na hizi za mwisho ndizo zilizotufanya tubane senti za mandazi wiki nzima ili tuingie Majestic, pale Vuga. Kesho yake, barazani, aliyeiona picha aliwahadithia wasioiona. Kila hadithi ilikuwa na watu wawili tu wenye vyeo: steringi na adui. Steringi ni mhusika mkuu, neno tuliloliokota kwenye matangazo ya sinema tukalifanya letu. Adui ni yule anayepambana naye. Na kanuni ilikuwa moja: steringi hafi. Ukimwona mtu kapigwa risasi nusu saa ya kwanza, basi huyo siye, tulia umsubiri mwenyewe.

Walikuwapo watu wa tatu. Hao walikuja juu ya farasi wakipiga mayowe, wakaanguka mmoja mmoja. Hawakuwa na majina. Tuliwaita Wahindi wekundu, na tulipocheza kauboi uwanjani hakuna aliyekubali kuwa wao, kwa sababu kazi yao ilikuwa kupiga kelele na kufa. Kwa miaka mingi sikujiuliza walikuwa wakisema nini. Somo hili ni juu ya swali hilo.

Kwanza historia, kwa ufupi. Picha hizi zilikuwa chakula cha kila siku cha Wamarekani. Mwaka 1959 televisheni zao zilikuwa na tamthilia za kauboi zaidi ya 20 zikionyeshwa nyakati za jioni. Nyingi zilitengenezwa haraka na kwa fedha kidogo, kofia zilezile, majabali yaleyale. Watu wakachoka. Kisha mwaka 1980 mwongozaji Michael Cimino akatoa Heaven's Gate, iliyogharimu takriban dola milioni 44 na kurudisha chini ya milioni 4 katika majumba ya sinema ya Marekani. Baada ya hasara ile, ukimpelekea tajiri wa Hollywood hadithi yenye farasi ndani yake, alikusikiliza kwa adabu lakini hakutia mkono mfukoni.

Aliyeufungua tena mlango ni Kevin Costner. Dances with Wolves, ya mwaka 1990, ilipata tuzo 7 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Miaka miwili baadaye Unforgiven ya Clint Eastwood ikapata 4, na ya filamu bora ikiwa mojawapo. Mwaka 2004 kituo cha HBO kikaleta Deadwood, tamthilia ya mji halisi wa wachimba dhahabu katika mwaka 1876. Mwaka 2015 ukaleta The Revenant, iliyopigwa karibu yote kwa mwanga wa jua bila taa, ambayo Leonardo DiCaprio alipata kwayo Oscar yake ya kwanza. Mwaka 2021 Jane Campion akatoa The Power of the Dog, hadithi ya ndugu wawili wafugaji wa Montana mwaka 1925 (iliyopigwa New Zealand, lakini hutajua), akapata Oscar ya uongozaji. Aina ya filamu iliyokuwa ya watoto wenye senti za mandazi sasa inakaa meza moja na tamthilia za wafalme wa Uingereza.

Tofauti iko wapi? Kauboi wa zamani alikuwa mtu wa ngano, kama Sungura wetu. Hana mwaka, hana kijiji, leo yuko hapa kesho kule, na hazeeki. Hizi mpya ni tamthilia za kihistoria. Zinakutajia mwaka na wilaya. Zinatafuta kitambaa kilichoshonwa wakati ule, bunduki ya wakati ule, hata namna watu walivyokuwa wakikata nywele. Nguo zina jasho. Meno yana rangi ya chai. Barabara ya Deadwood ni matope matupu.

Lakini msidanganyike upesi. Matope nayo ni vipodozi. Mtu anaweza kumpaka mwigizaji vumbi la kihistoria kutoka utosini hadi unyayoni na bado akasimulia ngano ileile ya steringi na adui. Ndiyo maana mimi ninazipima filamu hizi kwa njia nyingine. Nafumba macho. Nasikiliza nani amepewa lugha, na nani amepewa mayowe.

Januari 2024 mwigizaji Lily Gladstone, aliyekulia katika eneo la Blackfeet huko Montana, alipokea tuzo ya Golden Globe. Alianza kuzungumza kwa lugha ya Kiblackfeet, bila kutafsiri. Kisha akawakumbusha waliokuwa ukumbini jambo ambalo wengi hawakulijua: zamani waigizaji wenyeji walisema maneno yao kwa Kiingereza, halafu mafundi wa sauti wakaigeuza ile rekodi ichezwe kinyumenyume, ili isikike kama "lugha ya kienyeji". Yaani hata mayowe niliyoyasikia mimi pengine yalikuwa Kiingereza kilichopinduliwa.

Wengine walifanya vingine. Mwongozaji John Ford alipenda kupiga picha zake Monument Valley, katika nchi ya Wanavajo, na aliwaajiri Wanavajo kuigiza mataifa mengine. Katika Cheyenne Autumn, ya mwaka 1964, watu wanaoitwa Wacheyenne wanazungumza Kinavajo. Mtazamaji wa New York hakujua tofauti. Wanavajo walijua, na inasimuliwa kwamba baadhi ya waigizaji walitumia nafasi hiyo kusema mzaha na maneno ya chumvi mbele ya kamera, huku nyuso zao zimekunjwa kama za wazee wa baraza. Inasemekana filamu ile ilipoonyeshwa kwao, watu walicheka mahali ambapo Hollywood ilikusudia walie.

Costner alikwenda mbele zaidi. Sehemu kubwa ya filamu yake inazungumzwa Kilakota, na maandishi ya tafsiri yanapita chini ya picha. Maneno yalitafsiriwa, na waigizaji wakafundishwa, na Doris Leader Charge, mwalimu wa lugha hiyo ambaye pia aliigiza ndani yake. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa. Lakini Kilakota kina silabi za mwisho wa sentensi ambazo hubadilika kufuatana na msemaji, mwanamume ana zake na mwanamke ana zake. Russell Means, mwanaharakati wa Kilakota, alieleza kwamba alikwenda kuitazama na wenzake wakacheka, kwa sababu baadhi ya mashujaa wale, na Costner mwenyewe, walikuwa wakizungumza kike.

Kiswahili hakina jambo hilo hasa, lakini tuna la kulilinganisha. Fikirieni filamu ya gharama kubwa juu ya pwani yetu. Kanzu ni sahihi, milango ya nakshi ni sahihi, majahazi ni sahihi. Kisha mzee mwenye mvi anaingia, anamwinamia mtoto wa miaka sita, anamwambia, "Shikamoo." Na mtoto anajibu, "Marahaba." Kila neno ni Kiswahili safi, na sisi sote tumeanguka chini kwa kicheko. Hapo ndipo mtajua kwamba lugha ni zaidi ya orodha ya maneno yaliyokaririwa.

Tusimame hapa kwa sarufi kidogo. Jina "Wahindi wekundu" tulilirithi kutoka kwa mabaharia wa Ulaya waliodhani wamefika India. Kwetu sisi wa pwani ni kosa la ajabu maradufu, maana Wahindi wa kweli ni majirani zetu wa ukuta kwa ukuta. Kiswahili kina njia bora. Chukua jina ambalo watu wanajiita au wanaitwa, liingize katika ngeli ya kwanza, na mara moja una mtu, una watu, una lugha: Mlakota, Walakota, Kilakota. Mnavajo, Wanavajo, Kinavajo. Mwosage, Waosage, Kiosage, na hapa tazameni jinsi m- inavyokuwa mw- mbele ya irabu, kama mwalimu na mwezi. Kile kiambishi ki- hakiulizi kama wanaosema ni milioni 100 au ni wazee watatu. Kwa jumla wenyeji wa asili wa Marekani, na ukijua taifa, litaje.

Kabla ya filamu yenyewe, mbili za pembeni. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama kulikuwa na makauboi weusi. Walikuwapo, wanahistoria wengi hukadiria mmoja kati ya wanne. Bass Reeves alizaliwa utumwani Arkansas mwaka 1838, akatoroka, akaishi miongoni mwa wenyeji katika nchi ambayo sasa ni Oklahoma, na inaelezwa kwamba alijifunza lugha zao. Mwaka 1875 akawa askari wa mahakama ya serikali kuu katika eneo hilohilo. Hakujua kusoma, hati za kukamata watu alisomewa akazihifadhi kichwani. Mwaka 2023 ilitoka tamthilia juu yake, Lawmen: Bass Reeves, na anayemwigiza ni David Oyelowo, Mwingereza wa wazazi wa Kinigeria. Ya pili ni 1883, iliyoanza mwaka 2021. Wahamiaji wa Kijerumani wanaondoka Texas kwa magari ya kukokotwa kuelekea Oregon, wengi wao hawajui Kiingereza, na mmoja, Josef, anawasemea. Mtoto yeyote aliyewahi kumsemea mama yake kwa daktari, akitafuta neno la ugonjwa ambao hata yeye haujui, atamtambua Josef mara moja.

Sasa tufike. Filamu ni Killers of the Flower Moon ya Martin Scorsese, ya mwaka 2023, iliyotokana na kitabu cha David Grann cha mwaka 2017. Wengine watasema si picha ya kauboi. Ina farasi, ina ng'ombe, ina kofia, ina bastola, ina nchi pana ya Oklahoma. Ina motokaa pia, na hilo ndilo jambo lenyewe, kwa sababu motokaa ni za wenyeji na madereva ni Wazungu.

Ilikuwaje? Waosage walisukumwa kutoka ardhi moja hadi nyingine, wakainunua nchi ya mawe ambayo hakuna aliyeitaka. Sheria ya mwaka 1906 iliwaachia umiliki wa pamoja wa madini yaliyo chini yake. Watu 2,229 waliandikwa katika orodha, na kila mmoja akawa na fungu. Mafuta yakabubujika. Kufikia miaka ya 1920 walikuwa miongoni mwa watu matajiri zaidi duniani, kichwa kwa kichwa. Serikali ikasema wengi wao hawawezi kujisimamia, wakawekewa wasimamizi wa Kizungu wa kuwahesabia fedha zao wenyewe. Na kwa kuwa fungu lilirithiwa, ndoa ikawa njia ya mgeni kulifikia. Mkiulizwa mirathi inaweza kuua, msibishe.

Mollie Kyle alikuwa Mwosage aliyeolewa na Ernest Burkhart, kijana aliyekuja kufanya kazi kwa mjomba wake, mfugaji tajiri William Hale. Mei 1921 dada yake Mollie, Anna, alikutwa amepigwa risasi bondeni. Mama yao akafa mwaka huohuo. Machi 1923 nyumba ya dada mwingine, Rita, ililipuliwa usiku. Mollie mwenyewe, mgonjwa wa kisukari, alikuwa akidhoofika kila siku kwa dawa aliyokuwa akipewa. Nyuma ya yote alikuwa Hale, aliyejiita rafiki wa Waosage, na Ernest alikuwa mkono wake.

Mswada wa kwanza ulikuwa wa steringi na adui kama zamani: mpelelezi wa serikali anaingia mjini, anafichua wabaya, na DiCaprio angekuwa mpelelezi. Scorsese alikwenda kukaa na Waosage, akasikiliza, akaupindua mswada. DiCaprio akawa Ernest, na hadithi ikawa ya nyumba moja na kitanda kimoja. Wazee wangu wa barazani mngewachanganya kabisa. Uso unaoonekana kuliko wote ni wa Ernest, basi ni steringi. Anachofanya ni kumwangamiza mkewe na ukoo wake, basi ni adui. Nataka mbishane juu ya hilo nyumbani kwenu, kwa Kiswahili, na msiafikiane upesi.

Sasa fumbeni macho. Mnapofika pale Mollie na dada zake wameketi pamoja nje, wakiwatazama wanaume wa Kizungu wanaowazungukia, sikilizeni. Wanawasengenya kwa Kiosage, wanacheka, wanapima yupi anataka fedha na yupi anataka mke, na wale wanaume wako hapohapo hawana habari. Nilipoiona mara ya kwanza nilijiona mimi na dada zangu kwenye foleni ya duka. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Mtu mbele yako kabeba mikate kumi na minne, wewe unamnong'oneza mwenzio kwa Kiswahili, mnacheka. (Angalieni tu. Mwaka jana yule wa mbele yangu aligeuka akanijibu kwa Kiswahili cha Bukavu, safi kabisa, kwamba mikate ni ya msiba. Nilimwomba radhi mpaka mlangoni.)

Mapema zaidi, Ernest anapomchumbia, Mollie anamwambia jambo kwa Kiosage. Haelewi hata neno moja, lakini anajipa moyo kwamba lazima amesifiwa uzuri wake. Mollie anacheka. Katika picha za Majestic ni yule mwenyeji ndiye aliyekuwa haeleweki. Hapa asiyeelewa ni steringi, na sisi tunaketi upande wa Mollie.

Laiti ingeishia hapo ingekuwa somo jepesi: rudisha lugha, heshima imerudi. Lakini kuna Hale, anayeigizwa na Robert De Niro. Hale anazungumza Kiosage vizuri kuliko Mzungu yeyote katika filamu. Anawaombea, anawafariji kwa lugha yao, anakaa nao msibani, na usiku anapanga nani afuate. Lugha kwake ni ufunguo wa nyumba anayoiibia. Jambo hili linanisumbua, nami ni mwalimu wa lugha, siku zote nawaambia kwamba anayejifunza Kiswahili anajifunza kutupenda. Si kila mara. Mtazamo wangu ni kwamba filamu imelionyesha hilo kwa uaminifu kuliko filamu yoyote ya aina hii, na ndiyo sababu nimeichagua mbele ya ile ya Costner, ambako Mzungu akijifunza Kilakota tu tayari amekuwa mwema.

Na bado hata hii ina mpaka wake. Usiku wa uzinduzi huko Los Angeles, mmoja wa washauri wa lugha, Mwosage, alisema hadharani kwamba angependa hadithi isimuliwe kwa macho ya Mollie, na kwamba kwa hilo angehitajika Mwosage. Nadhani anasema kweli. Hesabuni wenyewe: dakika ngapi tuko chumbani na Ernest, dakika ngapi tuko na Mollie peke yake? Filamu yenyewe kama inakiri. Karibu na mwisho tunahamishiwa kwenye kipindi cha redio cha zamani, ambapo msiba wa Waosage umegeuzwa burudani, mafundi wakigonga vyombo kuigiza hatua na milango. Kisha Scorsese mwenyewe anasimama mbele ya maikrofoni kusoma tangazo la kifo cha Mollie la mwaka 1937, ambalo halikutaja mauaji hata kwa neno. Baada yake ni ngoma na wimbo wa Waosage, kamera ikiwa juu angani. Hakuna maandishi ya chini. Hamtaelewa maneno, na hamkukusudiwa kuelewa.

Lily Gladstone, anayemwigiza Mollie, si Mwosage, alilazimika kujifunza. Wote walijifunza, na walimu walikuwa wachache. Mtu wa mwisho aliyekua na Kiosage kama lugha yake ya kwanza tangu utotoni alifariki mwaka 2005. Someni tena mwaka huo. Baadhi yenu mlikuwa karibu kuzaliwa. Mwaka 2006 Herman Mongrain Lookout alibuni alfabeti mahususi kwa lugha hiyo, na tangu mwaka 2016 herufi zake zimo katika mfumo wa kompyuta unaotumika dunia nzima, kwa hiyo kijana wa Pawhuska anaweza kumwandikia bibi yake ujumbe wa simu kwa Kiosage. Shida ni kumpata bibi wa kumjibu. Wanaofundisha leo ni watu waliojifunza ukubwani, kwa kanda za sauti na madaftari ya marehemu.

Muhula uliopita niliwataka darasa la juu waandike sentensi moja: Kiswahili ni lugha ya nini? Niliandaliwa mambo mazuri juu ya Afrika na umoja. Mmoja aliandika: "Kiswahili ni lugha ya simu." Nilipomuuliza, alieleza kwamba hukisikia simu ya mama inapolia, bibi anapotuma sauti kutoka Uvira, na simu ikikatwa kimekwisha, nyumba inarudi Kiingereza. Sikumkosoa. Kwangu ni hivyohivyo. Binti yangu namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na tumeizoea hali hii kiasi kwamba mgeni ndiye anayetugutusha. Kiswahili chenyewe hakifi, kina wasemaji kwa mamilioni. Lakini ndani ya nyumba moja lugha inaweza kwisha kwa vizazi viwili bila mtu kupigwa risasi, na siku ya mwisho hakuna atakayeitambua.

Basi kazi ya nyumbani. Novemba 2021, huko Window Rock, Wanavajo walizindua A Fistful of Dollars ya Sergio Leone, ile ya mwaka 1964 ya Clint Eastwood, ikiwa imeingizwa sauti za Kinavajo tupu. Hawakungoja Hollywood iwatengenezee filamu ya heshima. Walichukua picha ya kauboi ileile tuliyoitazama sisi, wakamfanya Clint Eastwood azungumze Kinavajo. Kwetu jambo hili si geni. Kenya kuna DJ Afro, Tanzania alikuwapo Lufufu, wakisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, na kuna watu wanaoapa kwamba tafsiri ilikuwa tamu kuliko filamu.

Nanyi chagueni dakika tatu za picha yoyote ya kauboi inayofaa umri wa wote nyumbani. Zimeni sauti. Kila mtu achukue mhusika, mumtilie maneno kwa Kiswahili cha kwenu, kiwe cha Mombasa, cha Uvira au cha Unguja, na mrekodi kwa simu. Msitafsiri Kiingereza neno kwa neno. Ulizeni mtu huyu angesemaje kama angekuwa wetu. Nani mkubwa kwa umri, na nani anastahili shikamoo? Mwenye duka anaitwa nani, baba, mjomba au bwana? Na lipo tatizo moja ambalo sijalitatua mimi mwenyewe: kauboi siku zote husukuma mlango akaingia bila hodi. Je, mtamfanya aseme hodi, au mtamwacha na utovu wake wa adabu, na waliomo ndani waseme nini?

Maneno ya farasi mtayahitaji: tandiko ni la kukalia, hatamu ni za kushika, lijamu ni chuma cha mdomoni, kwato ni za miguu. Mkikwama kwa jingine, mpigieni bibi kwanza, mimi niwe wa pili. Rekodi ziletwe Jumamosi ijayo kabla ya chai, na anayeleta iliyo na sauti ya bibi ndani yake ataanza yeye kusikilizwa.